Hando la Hawe

Zamu yake ilipofika, Kahaso aliuweka mzigo wake juu ya ubao wa dirisha, akakisukuma ndani kile kikaratasi cha kungojea kitambulisho hata kabla ya kuulizwa. Karani alikuwa ameshamzoea. Hakukifungua.

"Wewe tena."

"Ni mimi, bosi. Shikamoo."

"Marahaba. Na huu mzigo? Umehama kwenu?"

"Ni hando. Nguo ya hawe yangu. Leo mchana tuna onyesho."

Karani aliuangalia ule mzigo uliofungwa kwa leso kuukuu, ukatuna kote kwa yale marinda mazito ya nguo za akina mama wa Kigiriama, kisha akageukia kompyuta yake. Alibonyeza, akangoja, akabonyeza tena. Nyuma ya Kahaso kulikuwa na mzee aliyekohoa kwa kukata tamaa.

"Alama zako za vidole zimerudishwa. Hazisomeki."

"Si tulizipiga upya juzi?"

"Hizo mpya ndizo zilizorudishwa. Hebu nione mikono."

Kahaso akaipitisha mikono dirishani. Tangu amalize shule alikuwa akifua mashuka ya gesti moja pale mjini Kilifi, kwa mkono, kwa sababu mwenye gesti alisema umeme umepanda na mashine ya kufulia inamla yeye badala ya kumlisha. Sabuni na dawa ya kutoa madoa zilikuwa zimezitafuna ncha za vidole vyake zikawa laini, zinang'aa, hazina mstari hata mmoja wa kuonyesha zilikuwa za nani.

"Wafanya kazi gani?"

"Nafua."

"Basi acha kufua kidogo, ngozi ijirudi, ndipo uje."

"Nikiacha kufua nitakula nini?"

"Hilo sasa si la ofisi hii, dada yangu." Alilisema kwa upole kabisa, akamrudishia kikaratasi chake. "Anayefuata."

Upole ule ndio uliomuudhi Kahaso. Mtu akikufokea, utamfokea na wewe, uende zako umepoa. Lakini huyu alikuwa amemnyima kwa adabu, na Kahaso akabeba hando lake akaelekea Kibarani, kwenye ukumbi wa vijana, akiwa na hasira ambayo hakupata mtu wa kumtemea.

Hicho kitambulisho ndicho kilichomnyang'anya Hawe.

Hawe ni nyanya kwa Kigiriama, na katika kikundi chao cha ngoma Hawe alikuwa mhusika aliyezaliwa na Kahaso mwenyewe. Walikuwa wamealikwa harusini huko Matsangoni, mchezaji mmoja akashikwa na tumbo, kukabaki pengo katikati ya uwanja. Kahaso akaokota fimbo ya mzee mmoja aliyelala, akainama mgongo, akaingia akiwagombeza wenziwe: mwacheza kama kuku walionyeshewa, enzi zetu ngoma ilipigwa mpaka mnazi ukaangua wenyewe. Mdomo unagombeza, kiuno kinaikubali ngoma. Alikuwa akimwiga hawe yake aliyemlea, na hawe yake alikuwapo, akacheka mpaka akashikwa na kwikwi. Tangu siku hiyo watu hawakuuliza kikundi kitacheza wapi. Waliuliza kama Hawe atakuwapo.

Sasa hoteli moja ya Watamu ilitaka kikundi cha kuwatumbuiza wageni msimu mzima. Wachezaji wangelipwa kila wakicheza, ila Hawe, kwa kuwa ndiye angezunguka mezani akitaniana na wageni, angeajiriwa kikamilifu: mshahara, chakula, kitanda, na barua ya kazi yenye jina lake. Kwa Kahaso hiyo ilikuwa na maana moja tu. Asingefua tena.

Ndipo Oliver, mratibu wa mradi wa vijana, kijana aliyevaa kadi yake shingoni hata siku za Jumapili, alipowakusanya akasema hoteli haiajiri asiye na kitambulisho, na hata getini haimpitishi. Akaangalia huku na huku kama mtu anayetafuta kiti, kisha akasema Hawe atachezwa na Ndinda.

Ndinda. Wazazi wake walikuja kutoka Ukambani kuuza mboga Kibarani kabla hajazaliwa, na Kigiriama chake alikiokota akicheza na akina Kahaso. Kitambulisho babake alimpeleka akakichukulie kwao bara, akarudi nacho kabla hata mahindi hayajakomaa. Kahaso, ambaye mababu zake wote wamezikwa mwendo mfupi kutoka hapo, alikuwa bado anaulizwa yeye ni nani.

Mwanzoni alijipoza. Alijiambia Ndinda hataweza, ni mrefu mno, hana kiuno, anacheka kabla ya kichekesho. Kisha wakafanya mazoezi. Ndinda akaweza. Akaweza hata yale ambayo Kahaso hakuyafikiria: kumkonyeza mpiga ngoma, kisha kujifanya ameingiwa na mdudu jichoni. Wenzake wakaanguka sakafuni kwa kicheko, na Kahaso akacheka nao kwa meno tu. Hapo ndipo wivu ulipomwingia barabara. Ukinyang'anywa na mtu asiyeweza, una nafuu ya kumdharau. Kahaso hakuachiwa hata hiyo.

Na hando lenyewe lilikuwa la hawe yake. Hando moja hula kitambaa kingi sana cha bafta, na bei ya bafta ilikuwa imepanda mpaka pesa za mradi zikaishia kwenye bango lenye picha ya wafadhili. Kabla ya hayo yote Oliver alikuwa amemwomba Kahaso akaazime la nyanyake. Kahaso alikubali upesi, maana wakati huo alijua atalivaa yeye.

*

Walivalia stoo, nyuma ya ukumbi, kati ya viti vya plastiki vilivyovunjika. Ndinda alisimama na kaptura ya mpira na fulana, mikono kaitanua, na Kahaso akamvisha, kwa sababu hakukuwa na mwingine aliyejua.

Alimbandika nyusi za pamba. Alimpaka majivu nywele, akamchora mikunjo ya uso kwa kijiti, akamtia makaa kwenye jino moja la mbele likawa pengo. Alitaka kufanya vibaya, ila mikono ilikataa; kila alichogusa kilizidi kupendeza. Ndinda alipojitazama kwenye kioo cha simu alishtuka.

"Aki Kahaso, huyu ni nyanya ya mtu kabisa. Uko na mkono wewe." Kisha akauliza, "Hawe wako akikaa chini, anakunja miguu ama ananyoosha?"

"Hunyoosha," Kahaso akasema.

Uongo. Hawe yake hukunja mguu mmoja, mwingine akauweka wima na kuulalia kidevu, na ukimwona hivyo ujue ana la kumsema mtu. Hilo Kahaso alijiwekea mwenyewe.

Akafungua leso, akalikung'uta hando. Marinda yakaachana na kukutana tena. Wakati analizungusha kiunoni mwa Ndinda alitupa jicho kwenye upenyo wa mlango aone kama watu wamejaa, na akamwona hawe yake.

Alikuwa amekaa safu ya mbele, na leso mpya, mkoba umekaa mapajani, macho amelikodolea pazia. Alikuwa ametoka Matsangoni peke yake. Kahaso alikuwa hajamwambia kwamba Hawe si yeye tena. Kila alipotaka kumwambia alijisemea karani atasema kingine kesho, na kesho ikafika, na karani akasema lile lile.

Hando hufungwa kwa kamba. Kamba inazunguka, ncha inapita chini ya marinda, inakazwa, inarudishwa ikamezwa na ile iliyotangulia, kisha shanga za kiunoni zinashushwa juu yake mtu asione kitu. Namna hiyo Kahaso alifundishwa na hawe yake, na likifungwa hivyo mtu anaweza kucheza mpaka kesho yake. Sasa alizungusha kamba, akaipitisha ncha, na pale pa kukaza hakukaza. Aliilaza tu. Kisha akashusha shanga, akafunika.

Hakuwa amepanga. Lakini alijua anachofanya, na alikifanya kwa utulivu, na moyoni alisema: aone na yeye.

"Iko sawa?" Ndinda akauliza, akijipigapiga makalioni.

"Iko sawa."

*

Baya alipiga ngoma, wasichana wakaingia na mabega yao, na walipokuwa wamenoga, Hawe akatokea. Hata Kahaso, aliyesimama nyuma ya pazia amekunja mikono, alikiri kwamba ukumbi ulibadilika. Ndinda aliingia akilaumu jua, akilaumu bei ya unga, akamnyooshea fimbo chifu aliyekaa mbele na kumwuliza kama amekuja kucheza au kuhesabu watu. Chifu mwenyewe akacheka. Meneja wa burudani wa ile hoteli, mwanamke wa makamo aitwaye Emily, alikuwa ameweka simu chini, na watu wa kazi yake hawaweki simu chini bure.

Kisha Ndinda akakizungusha kiuno, na hando likaanguka.

Lilishuka lote kwa mpigo, likamkalia miguuni. Ngoma ikanyamaza. Mbele ya chifu, ya wafadhili na ya mama zao wote, Hawe alisimama na kaptura ya mpira ya buluu. Kahaso alikuwa amelitaka jambo hilo, na sasa alipolipata aliona aibu iliyoipita hata ya Ndinda.

Ndinda aliitazama kaptura yake. Akautazama umati. Akamgeukia mpiga ngoma taratibu, kama kizee anayemgeukia mwizi wa kuku.

"We Baya," akasema kwa ile sauti ya pengo. "Ngoma gani hii ya kuvua watu wazima? Nilikuambia polepole, mimi mjane."

Ukumbi ulilipuka. Watu walipiga viti, mama mmoja akatoka nje akishika mbavu. Ndinda hakucheka. Akapiga fimbo chini.

"Na mjukuu wangu yuko wapi? Mjukuu gani huyu anamwacha hawe yake anapigwa upepo? Kahaso. Njoo unifunge, wasije wakajua nilichokuwa nikiwaficha."

Wenziwe walimsukuma Kahaso akatokea jukwaani na nguo zake za kazini, uso umemwiva. Akapiga magoti. Akalinyanyua hando, akazungusha kamba, akapitisha, akakaza, akamezesha. Ndinda alimgongagonga kichwani na fimbo kwa kila hatua, na kila gongo lilileta kicheko kipya. Kahaso alipoinua macho alimwona hawe yake. Alikuwa hacheki. Alikuwa amekunja mguu mmoja na kuusimamisha mwingine palepale kwenye kiti cha plastiki, kidevu juu ya goti, na alikuwa akikitazama kiuno cha Ndinda.

*

Baada ya onyesho Ndinda alimkumbatia stoo, jasho na majivu na yote.

"Kumbe ulikuwa umeipanga. Ungeniambia tu mapema, moyo wangu ungetoka kwa mdomo. Lakini umeniokoa, Kahaso. Pale ndipo madam alinipenda."

Hakukuwa na kejeli hata chembe usoni mwake. Kahaso alisema "Haya". Angalau Ndinda angekuwa na roho mbaya, wangekuwa wawili.

Emily aliingia na Oliver nyuma yake.

"Kile kipande cha kuanguka nguo, kibaki," akasema. "Kila onyesho. Na huyu mjukuu abaki pia. Ana uso wa kununa wa kweli, wageni watampenda. Wanaondoka na gari letu leo, wakaone jukwaa. Waandike wote wawili, Hawe na mjukuu."

Kahaso alisikia vizuri. Alisikia hata neno wote. Kwa muda mfupi aliyaona mashuka ya gesti yakining'inia kwenye kamba na mtu mwingine akiyaanua.

Oliver alikohoa. "Huyu mmoja hana kitambulisho, madam."

"Ninacho kikaratasi cha kungojea," Kahaso akasema, akakitoa. Kilikuwa kimelainika kwa kukunjwa. "Alama tu ndizo zasumbua. Ni kwa sababu ya sabuni."

Emily alikisoma, pande zote mbili, akamrudishia. "Getini hawakitaki, dada. Si mimi. Hata mimi nikisahau changu wananirudisha. Pole sana, kwa kweli." Na alikuwa amehuzunika kweli, hilo lilionekana. Kisha akamwambia Oliver, "Basi tia mwingine anune. Kununa si kazi ngumu."

Oliver akaangaza, akamwona Pola, msichana mpole wa mstari wa nyuma aliyekuwa akila muhogo. Pola alikuwa na kitambulisho. Mambo yakaisha hapo.

"Kahaso, mfundishe Pola hilo fundo upesi. La kuachia na la kukaza. Gari linangoja."

Pola alifuta mikono, akaja, akasimama mbele yake na kipande cha kamba, anaona haya.

"Simfundishi," Kahaso akasema.

"Usilete mambo hayo sasa. Hawa ni wenzako. Usiwe na roho mbaya."

"Ninayo." Sauti yake ilitoka ndogo, ikamshangaza mwenyewe kwamba haitetemeki. "Ninayo roho mbaya, Oliver, na wivu ninao, tangu siku ile uliponitoa. Si una kalamu hapo? Hilo nalo liandike, maana jina langu limekushinda."

Taratibu mkono wa Ndinda ukaenda kiunoni, kwenye zile shanga, na Kahaso akajua kwamba sasa ameelewa. Ndinda alimtazama tu, na pengo lake la makaa.

"Hodi," sauti ikasema mlangoni. Hawe yake aliingia akiegemea ukuta. Oliver alimkimbilia na kiti, akampa shikamoo, akamweleza kwa heshima nyingi kwamba mradi ungependa kuliazima hando kwa msimu mzima, na kwamba jina lake litatajwa.

"Mimi sikuwaazima nyie nguo," akasema hawe. "Nilimwazima mjukuu wangu. Gari lenu nimelipita hapo nje, na yeye sijasikia akiitwa. Nivulieni hando langu."

"Mama, lakini..."

Ndinda alikuwa ameshaanza kulifungua. Alihangaika na fundo, likamshinda, Kahaso akalazimika kuja kumfungua mwenyewe, na vidole vyao vikagusana na hakuna aliyeutazama uso wa mwenziwe. Hando likatoka.

Oliver alipiga hesabu kichwani, na uso wake ukachangamka. "Si neno. Tutashonesha nyingine huko huko. Fundi atatia lastiki. Ikitakiwa ianguke unavuta tu, ikitakiwa ipande unapandisha. Hata fundo halihitajiki."

"Afadhali," akasema Emily.

Wakaondoka. Ndinda alipanda gari na kaptura yake ya buluu na nyusi za pamba, na mlango ukafungwa. Kahaso alisikia vicheko vya ndani ya gari mpaka vilipopotea upande wa barabara kuu.

Yeye na hawe yake wakaketi ukumbini, kwenye viti vilivyoachwa ovyo, wakaanza kulikunja hando rinda kwa rinda, kila mmoja kashika upande wake. Kazi hiyo haitaki haraka. Rinda likilala vibaya litakaa hivyo.

"Fundo lile la kwanza nililiona," akasema hawe.

Kahaso akaendelea kukunja.

"Usimfanyie mtu tena. Nguo hii haijapata kumvua mtu."

"Sitarudia, hawe."

Wakafika kwenye marinda ya mwisho. Hawe akalilaza la upande wake, akalipapasa, akatoa leso mkobani.

"Na yule msichana anakuzidi," akasema. "Nisikufiche. Nilipomwona nilijiona mimi mwenyewe nilivyokuwa. Wewe wajua kuniiga, lakini yule amekuzidi."

Kahaso alikuwa ameshajiambia hivyo siku nyingi, usiku na mchana, juu ya beseni la mashuka. Bado neno hilo liliuma kulisikia kutoka kwa yule mwenyewe aliyekuwa akimwiga.

"Najua, hawe," akasema, akaufunga mzigo. "Ningeachwa kwa hilo, ningenyamaza. Lakini hakuna aliyetushindanisha."